Jani Lililopinda kwenye Sakafu ya Beirut

Kila mgeni anayefika karakanani kwetu Pinetown, nje ya Durban, huuliza swali lilelile. Huangalia sampuli za vigae zilizopangwa mbele ofisini, kisha huangalia njia ya kwenda chooni, na hapo hushangaa kwa nini vigae vizuri kuliko vyote vimetandikwa kule nyuma, mahali ambapo watu hupita wakiwa na haraka zao. Ninyi mnaobaki mmezoea kumjibu, "Muulize Papa Deo." Papa Deo amestaafu, wiki ya tatu sasa. Amekaa Sydenham kwenye kiti alichochaguliwa na mke wake, na mikono yake haina la kufanya. Papa Deo huyo ni mimi, basi nimechukua kalamu.

Mambo ya mishahara na vyeo sitayagusa. Karakanani kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, anayejua na asiyejua bado, na mimi nilikaa kwenye hicho cha pili muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya vijana.

Nilianzia ufukweni, nikilinda magari, kama nusu ya wanaume Wakongo wa Durban wakati ule. Kule Bukavu nilikuwa mwashi, na mwashi mzuri, lakini vita havimuulizi mtu anajua kazi gani. Siku moja nilikuwa nabishana na mwenzangu kwa Kiswahili kuhusu nani asimame upande wenye kivuli. Mzungu mmoja mwenye masharubu akashuka kwenye gari la bakki lililojaa vumbi jeupe, akatusikiliza kidogo, halafu akatujibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

"Nyinyi babili munapigania kivuli? Weye murefu, unatoka fasi gani?"

Nilidhani ni polisi. Nikasema Bukavu.

"Batu ya Bukavu banasema sana. Iko kazi unajua?"

"Mi ni maçon, monsieur."

"Maçon anajenga ukuta, batu banaangalia tu. Mi natengeneza kitu batu banakanyaga. Iko ngumu zaidi. Panda."

Nikapanda. Mwenzangu alipata kivuli chote.

Huyo ndiye Monsieur Elias, na Mzungu alikuwa kwa macho yetu tu. Alikuwa Mlebanoni wa Beirut. Vita vya kwao vilimfukuza akaenda Lubumbashi kwenye duka la vitambaa la mjomba wake, akakaa huko miaka minane, na Kiswahili alikiokota kwa wateja. Kisha ikaja ile tunayoiita pillage, askari na raia wakayasomba maduka mpaka milango, naye akateremka mpaka Durban akiwa na sanduku moja zito. Wenzake walitoroka na dhahabu za mama zao. Yeye sanduku lake lilikuwa la shaba.

Shaba zenyewe mnazijua: zile nyavu kumi na tisa zinazoning'inia ukutani, kila mmoja ukubwa wa kigae kimoja, vipande vyembamba vilivyolehemiwa vikafanya vyumba vyumba vya kumiminia rangi. Zilikuwa za karakana ya babu yake, kisha za baba yake. Bila wavu hakuna ua, kuna tope la rangi tu.

Hatua za kazi mnazijua pia, lakini naziandika kama alivyonifundisha, maana naona mmeanza njia za mkato. Unaweka wavu ndani ya fremu. Unamimina rangi kwa upawa, chumba kwa chumba, saruji nyeupe na unga wa marumaru na rangi ya unga, nzito kama uji wa mgonjwa. Unauinua wavu wima, bila kupumua. Unanyunyiza saruji kavu inywe maji. Unaweka tabaka la mchanga na saruji, unafunika, unakandamiza kwa mashine. Kigae hakichomwi motoni. Kinalala majini siku nzima, kisha kinakaa kivulini wiki nne, na wiki nne si wiki tatu na mteja mwenye kelele. Gloire, hapo nakuambia wewe.

Siku yangu ya kwanza niliharibu vigae kumi na kimoja. Nilisubiri matusi, maana nilishawahi kufanya kazi na Wabelgiji. Monsieur Elias alinipa mwiko akanionyesha njia ya udongo iliyokwenda chooni. Kanuni ya karakana ya baba yake ilikuwa kwamba kigae kilichoharibika hakitupwi. Kinatandikwa mahali ambapo aliyekiharibu atakikanyaga kila siku.

"Hapa utapita mara tatu kwa siku," aliniambia. "Ukikunywa chai mingi, mara tano."

Vile vya karibu na bomba ni vyangu. Kile chenye ua linalofanana na yai lililopasuka ni cha mwezi wangu wa pili, sina la kujitetea.

Saa kumi ilikuwa saa ya kahawa. Aliipika mwenyewe kwa iliki, chungu kama dawa, na kahawa hiyo ilikuja pamoja na somo. Mimi Lebanoni niliyoijua ilikuwa ya Biblia, ile ya mierezi. Nilipomuuliza juu ya mierezi alisema imebaki michache, mingi walimuuzia Solomoni. Ndivyo alivyokuwa anaanza. Kisha angekuchorea nchi nzima kwa kidole kwenye vumbi la saruji juu ya meza: bahari hapa, mlima hapa, bonde hapa, basi, imekwisha. Alisema unaweza kuivuka kwa gari ukarudi kwako kula chakula cha mchana. Nikamwambia Kongo unaweza kuendesha wiki mbili na hujafika, na barabara haipo. Akacheka mpaka masharubu yakaingia kahawani.

Kwa mafungu ya robo saa nilijifunza mengi. Nilijifunza juu ya Waturuki waliotawala mamia ya miaka, na ile njaa ya wakati wa vita vya kwanza vya dunia, pale nzige walipokula kilichopandwa na meli zikazuiwa bandarini, watu wakafa mlimani nyumba kwa nyumba. Juu ya Wafaransa waliochora mipaka na kuacha lugha, ile tuliyogombana nayo mimi na yeye Kiswahili kilipotuishia. Juu ya uhuru, na ule mpango wao wa kugawana vyeo kwa dini, rais wa dhehebu hili, waziri mkuu wa lile, spika wa lile lingine, mpango ambao alisema ulikuwa kama kigae chenye vyumba vingi: kinapendeza mpaka mtu autikise wavu. Ukatikiswa. Vita vyao vilidumu miaka kumi na mitano, jiji likakatwa katikati kwa mstari ambao hakuna aliyethubutu kuupita, majani yakaota barabarani. Karakana ya baba yake ilikuwa mitaa miwili kutoka mstari huo. Siku ilipopigwa, yeye alibeba nyavu, dada yake Samira akabaki na nyumba.

"Samira alikataa kutoka," alisema. "Anasema nchi yetu ni ndogo, kama mutu mumoja anatoka, inaonekana."

Nilimpenda mzee yule. Nilitaka anione kuwa ninafaa, na hilo ndilo lililoniponza.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Kati ya zile nyavu kumi na tisa, mmoja ulining'inia peke yake kwenye msumari wa nyuma ya mlango wa ofisi. Ulikuwa na jani la mzabibu katika kila pembe, na vigae vinne vikikutana majani yao yanafanya nyota. Jani moja ncha yake ilikuwa imepinda, kama sikio la mbwa. Nikafikiri ni ajali ya safarini. Monsieur Elias alikuwa hospitali wiki nzima kwa ajili ya macho, ambayo yalianza kumsumbua mapema. Nikauteremsha wavu ule, nikalegeza viungo kwa moto, nikalinyoosha jani kati ya mabamba mawili ya chuma, nikalehemu upya, nikasugua mpaka shaba ikang'aa. Hata leo nasema ilikuwa kazi safi. Nikaurudisha kwenye msumari wake, nikasubiri shukrani.

Shukrani haikuja. Wavu ule hakuna mteja aliyewahi kuuagiza, na mzee hakuushika. Nikaona aibu kujisifu, nikanyamaza. Mtu wa Bukavu mara moja maishani amenyamaza, na akachagua siku mbaya.

Miaka ikapita kwa kazi, na kazi ngumu ndizo zinazokumbukwa. Kulikuwa na bibi mmoja wa Glenwood, nyumba yake ya zamani imejaa wanafunzi wapangaji, na ukumbini vigae kumi na viwili vimevunjwa na friji waliyoiburuta. Nilitengeneza rangi ya kufanana, ikakauka ikawa hafifu. Nikarudia, ikawa nzito. Mara ya tatu Monsieur Elias alikuja mwenyewe, akapiga magoti ukumbini mbele ya wanafunzi wote, akakilamba kigae. Akaniambia nilambe na mimi. Kigae kikavu kinadanganya, kikilowa kinasema rangi aliyokusudia fundi. Wanafunzi wawili Wakenya walikuwa mlangoni, nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Kwani hawa wazee wako sawa?" Tulikuwa sawa kabisa. Vile kumi na viwili nendeni mkavitafute leo, hamtaviona.

Kadiri macho yake yalivyofifia, mikono yangu ilichukua kazi na kidole gumba chake kikachukua ukaguzi. Alipapasa ukingo wa kila kigae, akakigonga kwa kucha na kusikiliza. Mwishoni alikuwa anatofautisha mwanga na giza tu, lakini kila asubuhi alikuwepo, koti limefungwa vifungo, akiuliza nani amechelewa. Kwa kawaida nilikuwa mimi. Teksi za Sydenham mpaka Pinetown zina saa zao.

Kisha Lebanoni ikaanza kuanguka mara ya pili, safari hii bila risasi. Samira alikuwa anapiga simu na kueleza: benki zimefunga milango, akiba ya uzeeni iko ndani na haitolewi, pesa yao imegeuka karatasi, umeme unakuja saa moja kwa siku kama mgeni asiye na adabu. Hapo tuliweza kumfariji kidogo, maana umeme wa kwetu nao tulikuwa tunaujua. Halafu bandari yao ikalipuka. Mliiona wote kwenye simu zenu, lile wingu. Monsieur Elias hakuiona. Alikuwa ameshika simu sikioni saa nne nzima akipiga namba moja, na mimi nimekaa mbele yake. Ilipopokelewa, Samira alisema, "Mimi nipo, nyumba ipo nusu."

Nyumba ile ilikuwa ya baba yao, karibu na bandari. Ukuta mnene wa nyuma ulisimama, lakini dari la sebule lilianguka na boriti zake, na sakafu ikapondwa. Kabla vumbi halijatulia, madalali walianza kubisha hodi. Walitaka kiwanja ili waangushe na kujenga ghorofa. Watoto wa Samira, waliotawanyika Kanada na Ghuba, walimwambia auze. Yeye alimpigia kaka yake akasema neno moja ambalo mzee alilirudia kwetu kwa Kiswahili, taratibu, ili tulielewe wote.

"Anasema hivi: Elias, kama unaniletea sakafu yangu, ile ile, mi nabakia. Kama hapana, nasaini."

Vigae mia na arobaini. Mzee akageuza uso kuelekea mlango wa ofisi.

"Ile ya musumari ya nyuma," alisema. "Bukavu, tengeneza weye mwenyewe." Bukavu ndilo jina aliloniita tangu siku ile ya ufukweni.

Nilitengeneza mwenyewe, sikumruhusu mtu hata kunishikia upawa. Kijivu, nyekundu ya matofali, kijani cha mzabibu. Sibusiso, ambaye mnajua hampi mtu yeyote mashine yake, alinipa mashine yake. Vikatoka vigae ambavyo sijawahi kutoa mfano wake, kingo kali, majani manne kila kimoja yamesimama kama kwaya. Vikalala kivulini wiki nne. Nilikuwa napita kuviangalia hata siku za Jumapili, nikitoka kanisani.

Siku ya kuvifunga, nilimwambia Gloire amwombe Samira picha ya karibu ya kigae kimoja kizima, nihakikishe kile kijivu. Picha ikaja. Gloire akaivuta kwa vidole, akaikuza. Halafu akasema:

"Papa Deo, mbona jani yao moja inapinda?"

Sibusiso akainama juu ya bega lake. "Eish, baba. Ile ya kwetu iko straight."

Nikaichukua simu. Samira akatuma picha nyingine, na nyingine. Kila kigae cha sebule ile, kila kimoja, kilikuwa na jani la ncha iliyopinda, kama sikio la mbwa, na nyota zote za sakafu ziliegemea upande mmoja kana kwamba upepo umepita nyumbani. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji.

Nitawaambia ukweli kwa sababu mnaniheshimu na sitaki mniheshimu kwa uongo. Niliwaza kuvipeleka hivyohivyo. Mzee haoni, Samira ana miaka themanini, nani angejua? Sibusiso naye alisema kwa sauti ya chini, "Madala haoni, baba." Lakini nilikumbuka neno la Samira, ile ile. Dada aliyelala kifudifudi juu ya sakafu ile tangu anatambaa angejua kwa nyayo. Na madalali walikuwa wanabisha kila wiki.

Nikasubiri saa ya kahawa, maana sikupata ujasiri kabla yake. Nikamweleza yote, wavu, moto, mabamba mawili, mwaka wa pili. Alisikiliza bila kusogea. Kisha akanyoosha mkono, nikampa wavu, akapitisha kidole gumba juu ya jani lile, akakipeleka, akakirudisha.

"Weye ulifanya?"

"Ni mimi, patron."

"Kazi muzuri," akasema. "Kazi muzuri kabisa." Na machozi yakamtoka.

Ndipo akanieleza kwamba lile jani halikuwa ajali ya safarini. Wakati wa ile njaa, askari walikuwa wanakusanya chuma na shaba nyumba kwa nyumba, na wenye njaa waliuza chochote kwa unga. Baba yake Elias alikuwa mtoto wa miaka tisa. Aliamka siku moja, akazichukua nyavu zote za karakana akazitumbukiza kisimani, mmoja mmoja, bila kumwambia mtu. Huu wa jani la mzabibu uligonga jiwe ukapinda. Njaa ilipokwisha, nusu ya ukoo haikuwepo, lakini nyavu zilikuwepo, na karakana ikafufuka kutoka kisimani. Babu alikataa kuunyoosha. Alisema jani hilo libaki, kila mtu ajue nani aliyetuokoa. Wateja hawakutaka vigae vya jani lililopinda, basi babu akavitandika nyumbani kwake, sebule nzima. Pale ndipo ilipotoka ile kanuni ya kutotupa kigae kilichoharibika. Na mimi nilikuwa nimelinyoosha jani lile kwa moto na mabamba, nikasubiri shukrani.

Niliomba msamaha. Sijui niliomba mara ngapi. Akaniambia niache kusema kama mtu wa Bukavu na nilete koleo.

Tulikaa hivyo mchana mzima wa Ijumaa, mimi nimeshika koleo, yeye kidole gumba chake juu ya shaba. Alipokuwa mdogo alikuwa analala kwenye sakafu ile wakati wa joto na kulifuata jani lile kwa kidole mpaka usingizi umchukue, na kidole hicho kilikumbuka kilichosahauliwa na macho.

"Kidogo," alisema. "Tena. Tena kidogo. Hapana, rudisha. Umepita. Sasa, polepole... hapo. Usipumue. Hapo."

Nikamimina kigae kimoja cha kujaribu. Gloire akakiweka kando ya picha, akapima jani kwa jani, akasema hakuna tofauti. Mimi sikuhitaji kupimiwa. Nilikuwa nimemtazama mzee usoni.

Tukaanza upya, mia na arobaini. Safari hii niliwaacha wote washike. Vilipokuwa kwenye wiki ya tatu ya kivuli, ikaja ile wiki ya Julai mnayoikumbuka, maduka na maghala ya Pinetown yakivunjwa, moshi kila upande. Sisi wageni tuliambiwa tukae nyumbani. Monsieur Elias alikataa kutoka karakanani. "Hii iko pillage yangu ya tatu," alisema, "Beirut, Lubumbashi, sasa hapa, nimezoea." Sibusiso na majirani zake walisimama langoni siku mbili. Kundi moja lilifika, vijana wawili wakaingia kuangalia, wakaona mapipa ya saruji na vigae vimelala, wakauliza kama ni hivyo tu. Sibusiso akawaambia ni hivyo tu. Wakaondoka. Ni mara pekee kazi yetu kudharauliwa ikatufaa, lakini asubuhi ile niliogopa kuliko nilivyoogopa Bukavu, na nililia niliposikia kigae hakikuguswa hata kimoja.

Bandari ya Durban ilipofunguliwa tena, tulivipanga ndani ya masanduku ya mbao kwa nyasi kavu. Vikabaki vile vya kwanza, vile vilivyonyooka, vizuri kupita kiasi. Nilipendekeza tuviuze. Mzee alikunja uso.

"Makosa inaenda njia ya choo. Kanuni ni kanuni."

Nikavitandika kwa mikono yangu, kama siku ya kwanza. Sasa mnajua. Mkipita pale msiseme ni vya fahari, semeni ni makosa ya Papa Deo, mia na thelathini na tisa. Maana kimoja mzee alikiomba. Alivua skafu shingoni akakifunga nayo, akakiweka juu kabisa katika sanduku la mwisho. Nilimuuliza ni cha nini. Akaniambia nifunge sanduku.

Monsieur Elias tulimzika mwaka uliofuata, mnajua, mlikuwepo. Kule kwao vita vimerudi tena tangu hapo, na ndege za kivita zimepita juu ya paa la Samira zaidi ya mara moja. Madalali wamechoka, yeye hajachoka. Nampigia kila Jumapili na tunaongea Kifaransa kibovu cha pande zote mbili, ananiuliza mvua za Durban, namuuliza umeme. Mara ya mwisho alisema una saa nne kwa siku, kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Lakini nataka kumalizia nyuma kidogo, kwenye ile simu ya siku ambayo sakafu ilimalizika, wakati mzee bado yuko nasi.

Samira alitaka kutuma video. Elias akamwambia yeye video haimsaidii, aweke simu sakafuni na atembee. Gloire akaweka simu ya kwetu juu ya meza, sauti imefunguliwa yote, tukazima mashine. Sibusiso alivua kofia, sijui kwa nini. Tukasikia fimbo ya bibi ikigonga, kigae kwa kigae, kama afanyavyo fundi anayetafuta kilicho na uwazi chini. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna hata kimoja kilicholia kama mtungi. Kisha tukasikia viatu vyake, polepole, kutoka dirishani kwenda jikoni, na Elias akihesabu hatua kwa midomo, kwa Kiarabu, mpaka akafika kwenye idadi aliyoijua tangu utotoni, akatabasamu.

Viatu vikarudi, vikapita sebule yote, vikasimama. Samira akasema jambo kwa Kiarabu. Mzee akaniambia, bila kuinua kichwa:

"Yuko mulangoni. Anasema ile yako moja, ya jani lililonyooka, ameiweka kwenye kizingiti. Kila mutu anayeingia kwa baba yetu atakanyaga Bukavu kwanza."

Nilitoka Bukavu na nguo za mwilini, sijawahi kufika Beirut, na sasa nimezeeka, sitafika. Sikujua mtu anaweza kuwa mlangoni mahali ambapo hajawahi kufika.

Monsieur Elias akaisogelea simu.

"Samira," akasema kwa Kiswahili, kama vile dada yake angeelewa. "Kanyaga tena."

Na kwa mbali, wazi kabisa, tukasikia akikanyaga.